Nani Amegusa Mitambo?

Kila asubuhi kabla ya kengele, Nadhifu alifagia chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake kwa utani, maana msichana huyu akiona karatasi sakafuni, hana raha mpaka aiokote. Siku ile aliona waya wa mtandao. Ncha moja ilikuwa imechomekwa kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, na ncha ya pili ikining'inia ovyo. Akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, akaenda zake.

Saa ya mtihani ikafika. Kompyuta za chumba kile hazihifadhi kitu. Zote huitegemea seva, ile kompyuta kubwa iliyo pembeni, na mtihani wenyewe ulikuwa humo. Wanafunzi wakaandika majina na nywila zao, wakasubiri.

"Mwalimu, imenikatalia!"

"Hata mimi siingii!"

Mwalimu akambadilishia mmoja nywila. Wapi! Akaizima seva na kuiwasha tena. Yale yale. Jasho likamtoka, maana mtihani ulikuwa unafungwa adhuhuri, na asiyeufanya angepata sifuri.

"Nani amegusa mitambo?" aliuliza kwa ukali.

Macho yote yakamwendea Chapuchapu, mvulana mtundu aliyewahi kukamatwa akifungua kipanya cha kompyuta ati aone kinachotembea ndani.

"Haki ya Mungu, Mwalimu, leo sijagusa kitu!"

"Wewe tena! Toka nje. Mtihani huu hutaufanya."

Nadhifu akageuka kuitazama swichi. Ule waya! Lakini waya mmoja tu utaharibu yote haya? Na akinyamaza, nani atajua? Chapuchapu alikuwa anakusanya kalamu zake, midomo ikimtetemeka. Nadhifu aliona aibu, akasimama.

"Mwalimu, mwache! Ni mimi. Nilichomeka waya uliokuwa unaning'inia."

"Waya upi?"

Akauonyesha. Mwalimu akapiga magoti, akaufuata kwa kidole.

"Lo! Ncha zote mbili ziko kwenye swichi hii hii! Ujumbe unatoka huku, unarudi huku, unazunguka mpaka njia imejaa. Seva itamsikia nani?" Akauchomoa, akaizima swichi na kuiwasha. "Haya, jaribuni."

"Nimeingia!" mmoja akapiga kelele. Kisha wa pili, kisha darasa zima.

Chapuchapu alikuwa bado amesimama mlangoni. Nadhifu akamfuata.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikawia kusema."

"Kidogo nilie mbele za watu!"

"Ulikuwa umeshaanza," mmoja akamtania, wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Rudi ukae, mwanangu," alimwambia Chapuchapu, kisha akaligeukia darasa. "Usiguse usichokijua bila kuuliza, na ukishagusa, sema mapema. Nimehangaika na seva isiyo na hitilafu yoyote kwa sababu sikujua ni kitu gani kimebadilika. Lakini kosa la Nadhifu nimelichomoa kwa mkono mmoja. Langu, la kumfukuza mtu bila ushahidi, nisingeweza kulichomoa tena baada ya adhuhuri."