Dume la Isaka na Macho ya Mkewe

Ndugu zangu wa Kinyangiri, na ninyi mliohamia juzi, kaeni niwape habari ya boma la Isaka, enzi za Mwingereza. Asubuhi pale ilikuwa nzuri: ndama wakilia, maziwa yakitoa povu kwenye vibuyu, watoto wakigombea ukoko wa ugali. Na nzi. Nzi wa boma lile walikuwa wengi hata ukitaka kupiga chafya unawaomba nafasi kwanza. Anayebisha hakuwepo.

Walijaa machoni pa watoto, na Isaka alikataza wasifukuzwe. "Nzi anafuata maziwa," alijigamba. "Kwa maskini atafuata nini?" Maji ya kisima yalikuwa ya ndama. Mtoto aliyenawa uso aliitwa mharibifu.

Mkewe, Rahabu, alikuwa ameugua vikope, ule ugonjwa wa macho, miaka mingi bila tiba. Ngozi ya ndani ya ukope ilijaa makovu, ikajikunja, nywele zake zikageukia ndani. Kila akipepesa zinakwaruza jicho. Jirani yake Lea alizing'oa kwa kibano, zikaota tena fupi na ngumu, zikamchoma kuliko za kwanza.

Elina, muuguzi wa misheni, alipopita kuchanja watoto alimgeuza Rahabu ukope akaona.

"Mama, hii si kazi ya kibano. Daktari anaukata ukope na kuugeuzia nje. Ukichelewa, kioo cha jicho kitakuwa cheupe, na hapo hatuna dawa."

Rahabu akamwambia mumewe. "Baba Yeremia, nipeleke. La kushoto naona ukungu tu."

"Nani atakamua? Moshi wa jiko huo. Hata mama yangu alitoa machozi hivyo hivyo."

"Na alikufa akiongozwa kwa fimbo."

Isaka akaenda zake malishoni.

Mvua zikaja, zikapita. Kisha dume lake kubwa likaanza kutoa machozi jicho moja. Sikilizeni vizuri, maana nikifika hapa hasira hunipanda upya. Siku ile ile Isaka aliliswaga dume hadi kwa bwana mifugo, safari ya kulala njiani. Na jicho lake alilifunika kwa khanga ya Rahabu, nzi wasilisumbue. Nzi wale wale wa utajiri!

Dume likapona. Isaka akaita watu wanywe. Pombe ilipikwa na nani? Na Rahabu huyo huyo, akipapasa chungu.

Watu wakiwa wamekaa, Rahabu akaja ameshika ukuta, kamba ya dume shingoni mwake. Akampa Isaka ncha yake.

"Baba Yeremia, niswage na mimi kwa bwana mifugo. Usimwambie tu kwamba mimi ni mtu."

Mlevi mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mzee Naftali, baba yake Isaka, akaweka kata chini.

"Mama yako nilimwongoza mimi kwa ile fimbo," alisema. "Mvue mkeo hiyo kamba. Alfajiri mnaondoka. Ng'ombe nitakamua mwenyewe."

Wakaenda hospitali. Daktari akaugeuza ukope wa kulia, jicho likaokoka. La kushoto lilikuwa jeupe kama ganda la yai. "Mngekuja kabla ya mvua zilizopita," alisema, akimtazama Isaka.

Na Isaka, aliporudi, akawaambia watu, "Ndivyo Mungu alivyopenda." Hapana. Mungu asisingiziwe. Aliyependa ni Isaka, na alichopenda ni ng'ombe.

MAFUNZO

Vikope huanza utotoni. Uchafu wa jicho bovu hubebwa na nzi, na mikono, na nguo ya kujifutia, ukaingia jicho zima. Mnawisheni mtoto uso. Kiganja cha maji hakimuui ndama. Macho mekundu yenye tongotongo yapelekwe zahanati yapakwe dawa mapema. Kope zikishageukia ndani, msikae kuzing'oa nyumbani, nendeni kwa daktari. Na mwanamke akisema haoni vizuri, safari ni siku hiyo hiyo. Jicho halingoji mavuno.