Vita vya Mahenge Juu ya Meza

Kila Alhamisi masomo yalipokwisha, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani. Mwongeli na rafiki yake Salama walibaki darasani, wakaunganisha madawati na kutandaza kadibodi pana juu yake. Mwalimu Mutunga, mlezi wa chama cha historia, aliwataka wanachama wabuni mchezo wa mezani kuhusu pigano la watu waliopigania uhuru wao. Wao walichagua shambulio la boma la Wajerumani kule Mahenge, Tanganyika, katika Vita vya Maji Maji. Mchezo bora ungetoka shuleni kwao Mwingi kwenda kwenye maonyesho ya shule mjini Kitui.

Ndengu zilikuwa wapiganaji. Vifuniko vya soda vilikuwa askari wa Wajerumani, na viberiti viwili juu ya boma vilikuwa bunduki za rashasha. Dadu iliamua nani aanguke. Lakini kila walipocheza, ndengu ziliishia uwandani kabla ya kufika bomani.

"Wamekufa tena!" Mwongeli alisema kwa uchungu. "Nani atapenda mchezo ambao watu wetu wanafyekwa tu?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Salama akajibu. "Waliamini dawa ya maji ingegeuza risasi kuwa maji. Haikugeuza."

Mwongeli hakuridhika. Walipokutana tena, alikuwa ameondoa kiberiti kimoja na kuongeza kanuni mpya: mpiganaji akipata sita, risasi zinageuka maji.

"Nani amesema?" Salama aliuliza.

"Mwalimu ameruhusu." Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Salama alimwamini. Akazinakili kanuni zote upya pembeni mwa kadibodi kwa mwandiko wake mzuri.

Siku ya wazazi, Salama alimleta bibi yake, Bibi Tima, aliyetembea polepole akimshika bega. Wasichana walimwamkia, kisha wakacheza mbele yake. Sita zilikuja, ndengu zikamiminika bomani. Watu wakapiga makofi. Bibi Tima hakupiga.

"Mimi nilizaliwa upande wa Mahenge, kabla ya kuolewa huku," alisema kwa sauti ya chini. "Babu yangu alikwenda na wenzake kwenye boma hilo. Kama waliingia hivi, mbona hakurudi nyumbani?"

Mwongeli aliinamisha kichwa. Salama akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, si wewe uliyeruhusu hii kanuni ya maji?"

"Mimi? Ndiyo kwanza naiona leo."

Salama alimshika bibi yake mkono, wakaondoka.

Kuanzia siku hiyo Salama alihamia dawati la mbele. Mwongeli akimsalimu, anajibu kwa kichwa tu. Chakula kilimshinda Mwongeli, na hata mamake akamuuliza kama anaumwa. Mwishowe alimfuata Mwalimu Mutunga ofisini.

"Mwalimu, nilidanganya. Salama hakujua lolote."

"Kwangu umesema," mwalimu akamjibu. "Na kwake?"

Jumamosi Mwongeli alikwenda kwao Salama, nyuma ya msikiti. Salama alisimama mlangoni asimkaribishe.

"Nisamehe. Nilikudanganya."

"Uongo ulikuwa wako, lakini mwandiko ni wangu," Salama alisema, machozi yakimlengalenga. "Bibi yangu aliusoma."

"Mwache aingie," Bibi Tima aliita kutoka ndani.

Mwongeli aliketi mkekani. "Bibi, nisamehe. Sikutaka wafe tena."

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Lakini kama risasi ziligeuka maji, basi walikwenda kuoga tu. Ushujaa wao uko wapi?" Bibi Tima aliuliza. "Mama yangu alinisimulia kwamba waliobaki waliwabeba majeruhi mpaka msituni. Vita havikuishia pale. Hilo hamkuliweka."

Wasichana walitazamana. Ndipo Salama akasogea akaketi karibu na Mwongeli. Wakaanza kupanga kanuni upya palepale. Bunduki zote mbili zilirudi bomani. Kanuni ya maji ikafutwa. Mchezaji hangeulizwa tena kama ameliteka boma, bali amewarudisha wangapi msituni wakiwa hai.

Alhamisi iliyofuata Farouk, mchangamfu wa darasa, ndiye aliyejaribu. Alishambulia kwa kelele na vicheko. Ndengu zake zilipoanza kupungua, kelele zikakoma. Akaanza kuzirudisha moja moja, akizihesabu kwa midomo bila sauti. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi.

"Jamani," Farouk alisema, "hawa walikuwa watu kweli."

Mwalimu Mutunga aliwatazama wote. "Mchezo huu utakwenda Kitui. Lakini shikeni neno moja. Tukiwapamba mashujaa kwa uongo, tunawanyang'anya ushujaa wao. Na rafiki ukimdanganya, hata kwa nia njema, unamfanya mshirika wa kosa asilolijua. Ukweli unaweza kuuma, Mwongeli, lakini ndio unaotuwezesha kuaminiana."

"Ndiyo, Mwalimu," Mwongeli alijibu.

Salama alichukua kalamu. Juu ya kadibodi, chini ya jina la Mahenge, akaandika majina ya wabunifu, na la kwanza likawa la Mwongeli.