Vipimo vya Fundi Futi

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, sauti ya marehemu ilisikika katika chumba cha ushonaji kilicho mkabala na karakana yangu.

"Kifua arobaini na mbili. Kiuno arobaini. Mabega kumi na nane. Huyu mzee akipimwa anavuta tumbo ndani. Ongeza inchi mbili, la sivyo atakuja kunigombeza mimi."

Mjane wake alisikiliza akiwa ameshika chaki. Akisikia namba, alichora kwenye kitambaa. Akisikia utani, alitabasamu kidogo, kisha akaendelea kuchora.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ni mwanamke. Mtaani wananiita Bisibisi, na sina ugomvi na jina hilo. Marehemu alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Fundi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Mke wake alikuwa akishona vifungo na kupiga pasi, tukamwita Mama Vifungo. Walikuwa na binti mmoja. Alipomaliza shule aliingia kazini pamoja nao.

Kisukari kilikuwa kimeharibu macho ya Fundi Futi. Futi aliisoma kwa kuisogeza mpaka puani, lakini kuandika kulimshinda kabisa. Basi akabuni njia yake. Akishampima mteja, alikaa mbele ya kompyuta mpakato, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akavisema vipimo kwa mdomo. Binti alikuwa akiipa kila rekodi jina la mteja. Walifanya hivyo kwa miaka sita. Alipofariki, ndani ya kompyuta ile zilibaki rekodi mia nne na kumi.

Kwa wateja, zile zilikuwa namba za kushonea nguo. Kwa mke na binti, alikuwa ni yeye mwenyewe anayezungumza. Naieleza habari hii kwa sababu zote zilipotea isipokuwa chache, na mimi nina sehemu yangu katika kosa.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoendesha programu nyingine zote. Inaitwa mfumo endeshi. Ndiyo inayoamsha kompyuta, inayofungua faili, inayoiambia printa ichapishe. Kompyuta ya Fundi Futi ilikuwa na mfumo wa zamani. Kila siku kidirisha kilitokea kwenye skrini na kusema kwamba mfumo ule haulindwi tena, uwekwe mpya. Mama Vifungo alibonyeza neno "Baadaye". Kesho yake alibonyeza tena.

"Mama, tuweke huo mpya," binti alisema siku moja. "Kompyuta inajikokota. Mpaka ifunguke, mteja ameshachoka kusimama."

"Baba yako aliiacha hivi. Itabaki hivi."

"Lakini mama, baba angekuwepo si angeshaibadilisha?"

"Hayupo," alijibu mama yake, na maneno yakaishia hapo.

Hakutaka hata picha ya kwenye skrini ibadilishwe, ingawa ilikuwa picha ya maua ambayo kompyuta ilikuja nayo kutoka dukani. Ninamwelewa. Mtu akiondoka, unashika chochote alichokishika.

Hatimaye kompyuta ilizidi kujikokota, na Mama Vifungo akaileta kwangu. Siku hiyo nilikuwa na watu watatu wakinisubiri. Nikaiwasha nikiwa nimesimama, nikaitazama kidogo tu.

"Mfumo huu umezeeka, mama," nilimwambia. "Niachie. Nitafuta vyote, niweke mpya."

"Ufute nini?"

"Vyote. Tunaanza upya."

Aliufunga mfuniko wa kompyuta polepole, akaikumbatia.

"Hapa hafutwi mtu," alisema, akatoka.

Wale wateja walicheka. Na mimi nilicheka. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni hatua kumi na tano. Ningeweza kumfuata, nimweleze kwamba kabla ya kufuta kitu tunatoa nakala kwanza. Sikumfuata. Nilikuwa na kazi, na nilijua atarudi mwenyewe.

Hakurudi. Ilipita miezi miwili. Kisha mchana mmoja binti alikuja mbio, bado ana pini za nguo mdomoni. Alizitema mkononi.

"Dada, njoo. Sauti za baba hazifunguki."

Nilikuta skrini imekuwa nyeusi, ina maandishi mekundu. Binti alinieleza kilichotokea. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia kwamba anataka sare za wafanyakazi wake. Alituma faili, akasema ni picha za mishono. Binti aliifungua. Hakukuwa na picha yoyote. Baada ya muda mfupi, majina ya rekodi zote yalianza kugeuka, moja baada ya nyingine, yakawa herufi zisizosomeka.

Nilichomoa waya wa intaneti, nikaizima kompyuta. Nilikuwa nimeshajua ni nini.

Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kushonea. Mikono ilikuwa mapajani.

"Bado yumo humo?" aliniuliza.

"Rekodi zimo, mama. Lakini wezi wamezifunga, na ufunguo wanao wao. Mfumo wa zamani una matundu. Zamani watengenezaji walikuwa wakiyaziba kila mwezi. Sasa wameacha, na wezi wanayajua. Ile faili imepitia humo."

"Basi vunja."

"Kufuli hili halivunjiki."

"Wameandika hapa wanataka walipwe," binti alisema kwa sauti ndogo. "Tukiwalipa?"

"Msiwalipe. Wengi wamelipa na hawakufunguliwa. Tutoe taarifa polisi, halafu niachieni nijaribu."

Nilijaribu siku tatu. Nilimwita mwenzangu anayejua zaidi yangu, naye akajaribu. Tulipokwama kabisa, nilirudi kuwaambia. Sijui kama nimewahi kutembea hatua kumi na tano ndefu kama zile.

"Kuna nakala popote?" niliuliza. "Kwenye simu? Kwenye flashi?"

Binti alifikiri, kisha akafungua mkoba. Alitoa flashi ndogo. Mwaka uliopita walishona sare za kwaya, kazi ikawaelemea, wakagawana na fundi wa mtaa wa pili. Binti alikuwa amemnakilia vipimo vya wanakwaya kwenye flashi ile, akarudishiwa kazi ilipokwisha. Zilikuwa rekodi ishirini na sita.

Niliichomeka kwenye kompyuta yangu. Tukasikiliza.

"Kifua thelathini na sita. Kiuno thelathini. Haya, mwingine. Kifua arobaini. Kiuno thelathini na nne. Mwingine."

Siku ile wanakwaya walikuwa wamepanga foleni mpaka nje, na Fundi Futi alikuwa na haraka. Katika rekodi zote ishirini na sita hakutania hata mara moja. Zilikuwa namba tupu.

Tulisikiliza mpaka ya mwisho. Mama Vifungo akasubiri kidogo, kama vile kuna nyingine inakuja.

"Na vyangu?" aliuliza.

"Vipi, mama?"

"Vipimo vyangu. Kila mwaka alinishonea gauni moja, akanipima na kurekodi. Alikuwa akisema mambo yake humo, mimi nikamwambia nyamaza we mzee, watu watasikia." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Tangu aondoke sijazifungua. Nilikuwa naziweka mpaka siku nitakapoweza."

Binti aliinama juu ya meza ya kukatia, akalia. Mimi nilitazama sakafu, penye vipande vya uzi. 

Baada ya wiki nilirudi. Safari hii nilivuta kigoda, nikakaa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Ulikuja kwangu, nikakujibu ovyo."

"Ulisema utafuta vyote."

"Nilisema. Na sikukwambia kwamba kabla ya kufuta tunanakili kwanza. Hilo ndilo linaloanza siku zote. Kila kitu chako kinawekwa mahali pawili nje ya kompyuta. Halafu unazifungua zile nakala, uhakikishe zinafanya kazi. Ndipo unagusa mfumo."

Alisogeza kitambaa pembeni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mfumo mpya ndio mzuri siku zote?"

"Hapana, mama. Kuna kompyuta dhaifu. Ukiitwika mfumo mpya inazidiwa, inakuwa nzito kuliko mwanzo. Kwa hiyo tunaangalia kumbukumbu yake na nafasi iliyobaki. Tunaangalia pia vitu vya kazi. Printa yako itaelewana nao? Programu ya kurekodi itafunguka? Kuna watu wana mashine inayokubali mfumo wa zamani tu."

"Hao wanafanyaje?" binti aliuliza.

"Wanabaki na wa zamani, lakini wanaikata kompyuta hiyo isiguse intaneti kabisa. Inafanya kazi ile moja tu. Ya barua na wateja inakuwa nyingine. Kama huna haja hiyo, swali kubwa ni moja: mfumo huu bado unalindwa na watengenezaji wake? Kama haulindwi na unaingia nao kwenye intaneti, unalala mlango wazi."

"Na ukiwa na mpya, wezi hawaingii?"

"Wanaweza kuingia. Faili ya mtu usiyemjua usiifungue, hata ukiwa na mfumo uliotoka leo. Ndiyo maana nakala haziachwi kamwe."

Mama Vifungo alikuwa akizungusha kifungo kimoja vidoleni.

"Na hii yetu?" alisema. "Ingekubali mpya?"

Hilo swali nililiogopa tangu nilipovuka barabara. Nilikuwa nimeshaifungua kompyuta na kuipima. Kumbukumbu inatosha. Nafasi ipo. Programu ya kurekodi inafanya kazi vilevile.

"Ingekubali, mama."

"Siku ile nilipokuja kwako?"

"Siku ile. Ingekuwa kazi ya mchana mmoja. Rekodi zote zingebaki."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Ungeniambia hivyo, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ningekwambia."

Kazi yenyewe niliifanya mbele yao, polepole, nikieleza kila hatua. Nilitoa diski ya zamani yenye rekodi zilizofungwa, nikampa Mama Vifungo aitunze. Mara chache wataalamu hupata ufunguo wa kufuli za namna hii baada ya miaka. Nilimwambia pia asikeshe akiusubiri. Nikaweka diski mpya na mfumo mpya. Nikaonyesha jinsi ya kuuacha ujisasishe wenyewe, yaani upokee marekebisho yanayoziba matundu. Kidirisha cha kwanza kilipotokea, binti alinyoosha mkono.

"Acha," mama yake alimwambia. "Huu wangu." Akabonyeza "Sasa".

Wateja waliitwa waje kupimwa upya. Wengine walinung'unika, wengine walikuja na pole. Yule mzee wa kuvuta tumbo alisimama mbele ya kioo, akaliachia tumbo lake lote litoke. Alisema hana tena mtu wa kumdanganya. Binti alipima na kusema, kompyuta ikarekodi. Kila jioni alinakili rekodi za siku kwenye flashi, na kila Ijumaa kwenye diski ya pili inayokaa kwa shangazi yake. Kompyuta ikawa nyepesi. Mteja aliyekuja kuuliza gauni lake hakusubiri tena. Baada ya miezi mitatu walipata kazi ya sare za shule mbili, na haikuharibika hata moja.

Lakini asubuhi chumba kilikuwa kimya. Nilikuwa nikifungua karakana nasikia mkasi tu.

Siku moja niliwapelekea waya wa printa. Nilimkuta Mama Vifungo amesimama katikati ya chumba, mikono ameiinua kidogo pembeni. Binti alikuwa akimzungushia futi.

"Kifua thelathini na sita," binti aliiambia kompyuta. "Kiuno ishirini na tisa." Akasita. "Mama, umekwisha hivi?"

"Sema namba."

"Nyonga thelathini na nane. Urefu arobaini na tisa. Basi, nimemaliza."

"Usizime," mama yake alisema. "Usiache namba peke yake. Sema na kitu kingine."

"Niseme nini?"

"Chochote. Baba yako siku ya kwaya alisema namba tu, na ndizo tulizobaki nazo."

Binti alisimama na futi mkononi. Kisha akaisogelea kompyuta.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Akipimwa anabana pumzi. Gauni lake liachiwe nafasi pembeni, kwa sababu atanenepa tena. Nimesema mimi, binti yake."

Mama Vifungo aligeukia ukutani, akalia kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia hivyo tangu mazishi. Tulimwacha alie. Binti alikaa mbele ya kompyuta, akachomeka flashi, akanakili, kisha akaifungua ile nakala na kuisogelea kwa sikio.

"Inasikika?" mama yake aliuliza bila kugeuka.

"Inasikika, mama."