Springi Haifungwi kwa Mnyororo wa Miwa

Gari la Wekoye lilikuwa linagonga mbele, na mayai yalikuwa yanavunjika.

Kila Ijumaa Wekoye alitoa mayai kwake Kitale akayapeleka Bungoma, kwenye hoteli ya Hamid karibu na msikiti. Mashimo ya barabarani alikuwa ameyazoea. Kilichokuwa kipya ni ule mlio. Gurudumu likiingia shimoni, kong! Akikata kona, kong! Fundi mmoja wa kando ya barabara alishindilia kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu, pale palipogonga. Hakikumaliza wiki.

Mwaka huo wa 2006, hoteli ya Hamid ndiyo iliyolisha nyumba ya Wekoye. Hamid alifunua trei, akaona ute unachuruzika.

"Ndugu yangu, mimi nauza mayai, siuzi uji. Ijumaa ijayo yakija hivi, nitanunua kwa mwingine. Usinikasirikie."

Jumatano, jirani yao Cheptoo alisikia gari likiingia nyumbani. Watu humwita Mama Kemboi. Alitengeneza magari miaka mingi katika shamba kubwa la mahindi kule eneo la Kwanza.

"Baba Nekoye, hilo gari linatwanga mahindi?" alimuuliza Wekoye, akimwita kwa jina la bintiye.

"Cheka tu. Mimi napata hasara."

"Fungua boneti. Edinah, ingia uzungushe usukani."

Edinah, mke wa Wekoye, alizungusha. Mama Kemboi aliweka kiganja juu ya shokomzoba, pale inapoingia kwenye bodi. Kong! Mkono wake uliruka.

"Umeona? Hii inaitwa mauntini. Ni chuma chenye mpira ndani. Inashika kichwa cha shokomzoba. Mpira umekufa, sasa chuma kinapiga chuma."

"Kwa hivyo ninunue shokomzoba?"

"Za nini? Hazivuji, bado ni nzima. Nunua mauntini mbili, kulia na kushoto. Zilizeeka pamoja. Kesho jioni nitakuja na vibanio vya kuminya springi. Usifungue kabla sijafika."

Wekoye alinunua mauntini. Lakini asubuhi yake alifika Wakoli, kaka yake Edinah, dereva wa trekta ya miwa huko Kabuchai. Wakoli hajui kungoja.

"Mulamwa, shemeji yangu, jioni ni mbali. Tufanye sasa."

Walianza vizuri. Waliegesha gari mahali tambarare, wakavuta breki ya mkono, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Walilegeza nati za gurudumu, wakainua gari kwa jeki, wakaliegemeza kwenye stendi ya chuma. Gurudumu likatoka. Walichomoa paipu ya breki kwenye kishikio chake. Walitia alama ya chokaa kwenye bolti mbili za chini, ili zirudi palepale. Walifungua bolti hizo, kisha nati tatu za juu. Shokomzoba ikatoka pamoja na springi yake.

Hapo Wakoli alileta mnyororo wa kufungia miwa. Akauzungusha kwenye springi.

"Huu unashika tani tano za miwa. Springi ni nini? Fungua nati ya katikati."

Wekoye alitia spana, akainama juu yake.

Edinah aliona hivyo akiwa jikoni. Hakubishana nao. Alikimbia hadi uani kwa jirani. Mama Kemboi alikuja mbio na vibanio mkononi.

"Weka spana chini! Toa uso wako hapo!"

Wekoye aliiweka.

"Si tumefunga, Mama Kemboi?" Wakoli aliuliza.

"Mmefunga nini, bana? Miwa inalala. Springi imeminywa, inataka kuruka. Hiyo nati ndiyo inayoizuia. Ikitoka, mnyororo utateleza, na hicho chuma kitampiga huyu usoni. Mayai ya Hamid yatapelekwa na mjane."

Wakoli alifungua mnyororo.

Mama Kemboi aliweka vibanio viwili, kimoja kikitazamana na kingine. "Kaza huku kidogo, kisha kule kidogo. Ukikaza upande mmoja tu, springi itapinda na kukurukia."

Walikaza hadi springi ikacheza, haisukumi tena. Sasa Wekoye alifungua nati ya katikati. Mauntini ya zamani ilitoka, mpira wake ukimeguka kama mkate mkavu. Waliweka mpya. Walikalisha ncha ya springi kwenye nafasi yake, wakakaza nati, ndipo wakalegeza vibanio, huku kidogo, kule kidogo. Walirudisha shokomzoba mahali pake, nati tatu juu na bolti kwenye alama, wakakaza zote, wakarudisha paipu ya breki na gurudumu. Upande wa pili Wekoye aliufanya mwenyewe, Mama Kemboi akitazama.

"Ukitoka hapa, nenda mjini wakanyooshe magurudumu kwa mashine," alimwambia. "La sivyo gari litakula tairi."

Ijumaa, njiani kwenda Bungoma, Wekoye alipita Kamukuywa na mashimo yake yote. Gari lilinyamaza. Hamid alifunua trei moja moja hadi ya mwisho.

"Haya. Wiki ijayo ongeza trei kumi," alisema.

Mauntini mbili, shilingi elfu tatu. Kunyoosha magurudumu, mia sita. Vibanio vya Mama Kemboi, trei moja ya mayai. Hospitali, hakuna.