Kompyuta Ambayo Hafswa Hakuijaribu

Kila Ijumaa baada ya masomo, chama cha kompyuta kilikutana katika shule moja ya Kikoneni. Kompyuta zenyewe zilikuwa za msaada, kila moja na aina yake na mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiendesha. Mwalimu Swabir alikuwa amepata msimbo, yaani maagizo ghafi, wa programu ya kuandikia. Kwa kila kompyuta, ilibidi mtu afungue faili ya mipangilio, aeleze aina ya kompyuta na mfumo wake, aiunde programu kutokana na msimbo huo, kisha aijaribu kwa maandishi marefu.

Kazi hiyo alipewa Hafswa, hodari wa chama. Hodari wetu aliipanga kompyuta ya kwanza vizuri, kisha uvivu ukamwingia. Alinakili mipangilio ile ile katika zote. Mwalimu alipouliza, akajibu kwamba amezijaribu zote.

Rafiki yake Kanze alikaa kwenye kompyuta kongwe kuliko zote. Alikuwa amemleta bibi yake, Jumwa, ambaye tayari alikuwa mgonjwa. Bibi alimtajia majina ya wazee wa ukoo, naye akayapiga chapa mpaka jioni. Kwao majina hayo husomwa matangani, na bibi peke yake ndiye aliyeyajua yote.

Bibi alifariki wiki iliyofuata. Kanze alipokuja kuyachapisha, alikuta majina machache ya mwanzo tu. Mipangilio haikuwa ya kompyuta ile, kwa hiyo programu ilihifadhi kipande na kuyapoteza mengine bila onyo. Kanze alidhani kosa ni lake, akalia akimwomba marehemu radhi. Hafswa alisikia, moyo ukamuuma vibaya.

Akamwendea mwalimu. "Shikamoo, mwalimu. Zile kompyuta sikuzijaribu. Nilikudanganya."

Mwalimu hakumgombeza. Alimkalisha azipange upya moja moja na kuzijaribu, mpaka ile kongwe nayo ikahifadhi maandishi yote. Kisha wakaenda matangani pamoja. Majina yalisomwa, yakakatika baada ya yale machache, na wazee wakainamisha vichwa.

"Kosa si lako, Kanze," Hafswa alisema. "Ni langu."

Kanze alimgeukia. "Bibi alikuwa amechoka," akasema, "lakini aliyataja yote." Akaingia ndani.

Njiani Hafswa alilia. Mwalimu Swabir alimwacha alie, kisha akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Kompyuta tumezitengeneza, lakini Bibi Jumwa hatarudi kuyataja majina yale. Ukiulizwa kama kazi imekwisha, nayo haijaisha, sema 'bado'. Aibu ya kusema 'bado' hupita."