Chaji ya Shemeji

Nilikuwa nimeshusha nusu ya mlango wa bati wa duka langu la kutengeneza kompyuta, jua likizama, dada yangu alipoinama akapita chini yake na laptop kubwa kifuani. Nyuma yake alijikokota mpwa wangu, binti tunayemwita Kidege. Nilipomwona mtoto, utani wote ukaniishia mdomoni. Alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Haichaji," dada alisema.

Niliijua ile laptop. Ilikuwa ya marehemu mumewe, shemeji yangu, mashine nzito ya michezo ambayo chai ya asubuhi ilikuwa ikimkuta nayo pale pale alipokaa jioni.

"Usije ukawa umeichomeka chaja ya ofisini kwenu. Hizi zina njaa, dada. Chaja ndogo ni kama kumnywesha tembo kwa kijiko."

Hakucheka. Kidege alikuwa ameshalala kwenye benchi.

Mimi si mtu wa kusingizia mashetani kabla sijapima waya. Nilipima chaja kwa mita, umeme ulikuwepo. Tundu la chaji lilikuwa safi, halichezi. Nikajaribu chaja yangu, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma. Kimya.

"Nyumbani huwa inawaka?"

"Inawaka Kidege akiipakata." Dada alikuwa akitazama sakafu. "Lakini siku hizi inajaa kidogo tu. Nataka ichaji kwa umeme, kama zamani. Mtoto hawezi tena."

Sikumwelewa. Nikaigeuza, nikafungua skrubu za mgongoni.

Mahali pa betri palikuwa patupu.

"Betri iko wapi?"

"Ilivimba. Niliitupa baada ya msiba."

"Sasa hiyo chaji inajaa wapi, dada?"

Akamtazama Kidege. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikavaa mkanda wangu wa mkononi. Kila fundi anao: una waya mwembamba unaobana kwenye bati la mashine, ili umeme wa mwilini mwako usiunguze vifaa. Nikaubana, kama ninavyofanya kila siku.

Feni zikaanza kuzunguka.

Chaja ilikuwa mezani, haijachomekwa popote. Kioo kikawaka. Alama ya betri, betri isiyokuwepo, ikaanza kupanda... taratibu... Mdomoni nikasikia ladha ya chuma. Vidole vikapoa, kisha kiganja, kisha kiwiko. Duka zima likanuka sabuni ya kunyolea ya shemeji.

Spika zikakwaruza.

"Shemeji... mkono wako mbona baridi?"

Nikaung'oa ule mkanda. Kioo kikazima. Niliogopa, sifichi. Nilikaa chini, na dada akawa analia bila sauti.

"Ulijua?" nilimnong'oneza.

"Nilijua mtoto anachoka. Nikasema atakula, atalala, atarudi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Baba yake alikufa hatujaagana, mdogo wangu. Mimi nikiishika haiwaki. Ni kwa mtoto tu. Basi nikawa namwekea mapajani, ili niisikie ile sauti."

"Unamla mwanao."

Nilichukua nyundo. Dada akailalia mashine kwa kifua chake chote.

"Ukiivunja utakuwa umeniua na mimi."

Tulitazamana. Kisha macho yake yakaenda kwa Kidege pale kwenye benchi, yakakaa hapo. Akaokota mkanda wangu.

"Mchukue akae kwako," alisema. "Mbali na mimi. Nipe huu. Labda kwa huu itanikubali."

Ningekataa. Lakini mtoto alikuwa akihema kwa shida, na nilitaka jambo moja tu, mashine ile itoke karibu naye. Nikambeba Kidege. Dada akaondoka na mashine na mkanda.

Kidege alipona. Alirudi kula, mashavu yakajaa, akaanza tena kunicheka kwa kipara changu. Mama yake alikuwa akipiga simu, sauti ikizidi kuwa nyembamba, lakini ya furaha. Kisha simu zikakoma.

Jana jioni nilikwenda kwake. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikaita, hodi, hodi... Nikachungulia dirishani.

Laptop ilikuwa mezani, inawaka. Waya wa mkanda wangu ulikuwa umebanwa kwenye bati lake. Mkanda wenyewe ulikuwa juu ya kiti, umefungwa vizuri, duara la ukubwa wa mkono wa mwanamke. Ndani ya duara hapakuwa na mkono. Chumbani hapakuwa na mtu.

Nilisikia mwanamume na mwanamke wakicheka taratibu, kama watu waliomaliza kula. Kisha cheko likakatika. Feni zikapunguza mwendo.

Sauti ya dada yangu ikatoka kwenye spika, laini, ile aliyokuwa akinibembelezea nilipokuwa mdogo.

"Mdogo wangu... chaji inaisha. Mlete mtoto."

Nilikimbia njia nzima. Nyumbani nilikuwa nimemwacha Kidege amelala, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Nilimkuta amekaa kizingitini, nje. Amevaa viatu, nywele amezichana.

"Mjomba," alisema, akininyooshea mkono. "Twende."