Mwaridi Uliopigwa Salfa Mchana

Newala mwezi wa Julai, baridi haina adabu. Huingia dirishani bila hodi pamoja na ukungu wa kutoka bonde la Ruvuma, na mtoto aliyejifunika gubigubi huona heri achelewe shule kuliko kutoa mguu nje. Dominika wa darasa la sita alikuwa hodari wa mambo mengi: hesabu, kuruka kamba, hata kuchemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, ikaiva bila kupondeka. Kuamka mapema tu ndiko kulikomshinda.

Kazi zake za jioni, hata hivyo, hazikuwa na kasoro. Akimaliza kuosha vyombo, aliyatenga maji ya kusuuzia yasiyo na sabuni, akaumwagilia mwaridi wa bibi yake uliokuwa mbele ya nyumba. Newala maji hayamwagwi ovyo, yawe ya dumu la kununua au ya kisima cha mvua. Hata jirani yao, Mama Zuhra, aliweka beseni chini kila watu wa nyumbani kwake walipotia udhu. Jioni binti yake Zuhra, rafiki mkubwa wa Dominika, alilipitisha beseni hilo kwenye pengo la ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zao na kuyamimina maji shinani mwa mwaridi.

Mwaridi ule ulikuwa na historia yake. Bibi Oliva alikuja nao kutoka Lukuledi ukiwa kijiti tu, alichopewa na masista kwenye bustani yao. Masista walisema maua yake ni ya rangi ya pichi. Mtaani hakuna aliyewahi kuliona tunda hilo la pichi, lakini nani atabishana na masista? Wote wakaiita hivyo hivyo. Machoni pa Dominika ilikuwa rangi ya embe lililoanza kuiva upande wa juani. Maua hayakutoka moja moja, yalitoka kwa vichala, hata kichaka kizima kikajaa. Mwaridi wa Lukuledi ulikwisha kung'olewa, kwa hiyo huu ndio uliobaki.

Siku Bibi alipoondoka na Mama Dominika kwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, aliupapasa mwaridi kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameingia utando mweupe.

"Mjukuu wangu," alisema, "maua haya siku hizi nayanusa tu. Nikirudi nataka niyaone. Nahisi kwa mkono kuna matumba mengi. Nakuachia wewe."

"Sawa, Bibi. Utayakuta."

Haikupita wiki, Dominika akaona majani machanga yameingia unga mweupe na kujikunja. Baba yake, mkulima wa korosho, aliutazama mara moja tu akajua.

"Huu ni ubwiriunga. Ndio huo huo unaotusumbua mikoroshoni. Dawa yake salfa, ila kidogo sana, tena alfajiri, umande ukiwa bado majanini. Kesho amka mapema nikuonyeshe kabla sijaenda shamba. Peke yako usiiguse, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Asubuhi Baba aliita mara mbili. Dominika aliitika kutoka ndani ya shuka, akajigeuza upande wa pili. Alipoamka, bodaboda ilikuwa imekwisha kumchukua Baba. Kesho yake mambo yakawa yale yale. Jioni Baba alipouliza kama bado anataka kuonyeshwa, Dominika aliona aibu, akajisemea kuwa haina haja. Si unga tu ule? Ataupiga mwenyewe.

Aliporudi shule mchana, jua likiwa utosini, alichota salfa kwenye kiroba cha stoo, akaitia ndani ya soksi kuukuu na kuikung'uta juu ya mwaridi. Kama kidogo inafaa, alifikiri, nyingi itafaa zaidi. Akakung'uta mpaka kichaka kikawa cha manjano, na yeye akapiga chafya hadi machozi yakamtoka. Kisha akaificha soksi.

Kesho yake majani yalikuwa yameungua, kahawia pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Siku iliyofuata matumba yakainamisha vichwa. Dominika alikung'uta unga uliobaki, akafagia chini. Harufu ya salfa ilikuwepo, lakini msimu huo nguo za Baba, kofia yake, hata shuka lake, vyote vilinuka salfa. Pua ya Baba ilikuwa imekwisha kuchoka kuitambua.

"Huu mti umefanywa nini?" Baba aliuliza.

Dominika angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lililotoka likawa lingine.

"Zuhra, Baba. Nadhani alileta maji ya sabuni."

Baba alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hapimi maneno. Alikwenda moja kwa moja kwenye michongoma akaita. Mama Zuhra alitoka na mwiko mkononi.

"Mama Zuhra, tumeishi vizuri siku zote. Lakini mtoto wako amemwaga maji ya sabuni kwenye mwaridi wa mama mkwe wangu. Mama anarudi Jumamosi. Nitamwambia nini?"

"Sabuni?" Mama Zuhra alishangaa. "Baba Dominika, maji yale ni ya udhu. Nakinga mwenyewe. Zuhra! Uliyatia sabuni maji ya mwaridi?"

"Hapana, Mama." Zuhra alimtazama Dominika, akisubiri aseme neno. Dominika alitazama vidole vya miguu yake.

"Basi," alisema Mama Zuhra kwa sauti ya chini. "Kama mwanangu anaharibu, hatavuka tena."

Zuhra hakuvuka tena. Shuleni aliliacha dawati lao la nyuma, akahamia la mbele. Dominika alitembea peke yake njia nzima, na kila alipotaka kuruka kamba aliona hakuna wa kumshikia upande wa pili. Jioni hakwenda tena kwenye mwaridi. Alijiambia kuwa Bibi akija yatakwisha, huku akijua kuwa Bibi akija ndiyo kwanza yataanza.

Jumamosi jioni, Bibi Oliva alishuka kwenye gari akiwa na miwani myeusi, ameshikwa mkono na Mama Dominika. Majirani walikuja kumpa pole. Mama Zuhra naye alikuja, kwa kuwa mgonjwa hanuniwi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe, Mama Zuhra! Mbona umekonda?" Watu wakacheka. Bibi alikuwa anamwona kila mtu upya na kumwambia alivyo. "Na Zuhra yuko wapi? Huyo ndiye mnyweshaji wangu."

Bibi akageuka kuutazama mwaridi. Aliinama, akavipapasa vile vijiti vyenye majani yaliyoungua.

Wakati huo Dominika alitazama kwenye michongoma. Chini ya pengo, upande wao, palikuwa na beseni la bluu lililojaa maji. Hakujua limewekwa lini. Akasogea, akamwona Zuhra anaondoka.

"Zuhra! Bado unaleta maji?"

"Kila jioni. Baba yako ndiye huyamimina, anadhani wewe ndiye uliyeyaweka." Zuhra hakusimama. "Mama amesema mti haukutukosea."

Hapo Dominika alilia. Hakulia kwa kusutwa. Hakuna aliyekuwa amemsuta, na hilo ndilo lililomuuma. Alilibeba beseni mpaka mbele ya Bibi, maji yakimwagikia gauni.

"Bibi, Zuhra hakufanya kitu. Ni mimi. Baba alinikataza, nikamwambia nimesikia, kisha nikashindwa kuamka alfajiri, nikaiba salfa, nikaupiga mwaridi mchana jua kali. Kisha nikamsingizia Zuhra. Mama Zuhra, nisamehe. Nilidanganya."

Baba akamgeukia jirani yake. "Mama Zuhra, na mimi nina kosa. Nilikuja kulaumu kabla sijauliza. Unisamehe."

"Yameisha, Baba Dominika," alijibu Mama Zuhra, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Zuhra! Njoo, unaitwa na Bibi."

Bibi Oliva aliwakalisha wasichana wawili kwenye mkeka, mmoja huku na mmoja huku.

"Sikilizeni. Mimi nilificha ugonjwa wa macho kwa miaka. Nikiulizwa, nasema naona vizuri. Utando ukakua mpaka nikawa nasalimia nguzo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dominika, kuunguza majani ni kosa dogo. Baba angekuonyesha dawa siku hiyo hiyo. Ulipolificha, likakua, likaunguza na rafiki asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado jani moja. Na kazi ya alfajiri huifanyi mchana kwa kuongeza dawa."

"Nimesikia, Bibi."

"Ulimwambia hivyo na baba yako. Nitakuamini nikikuona alfajiri."

Kesho yake, ukungu ukiwa umetanda, Dominika alikuwa nje amejifunga khanga, meno yanagongana. Baba alimwonyesha jinsi ya kufunika pua, kupiga salfa kidogo tu, na kukata matawi yaliyoungua juu kidogo ya jicho la tawi, pale linapochipua. Baada ya hapo aliamka mwenyewe. Siku nyingine alinuna, lakini aliamka. Zuhra alileta beseni kama zamani, ingawa ilichukua muda kabla hajarudi dawati la nyuma.

Mikorosho ilipoanza kuchanua, mwaridi nao ulitoa matumba mapya, kichala juu ya kichala. Asubuhi yalipofunguka, Bibi alitoka bila miwani. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe pichi ndiyo hii, nilikuwa nimeisahau," alisema.

Kisha akampa Dominika kisu, akamwonyesha kichala kikubwa kuliko vyote. Dominika alikikata kwa uangalifu, akapita nacho kwenye pengo la michongoma kwenda kubisha hodi kwa Mama Zuhra.